Hajati Leseni na Wimbo wa Mama Yake

Ukifika Kasubi, hapa Kampala, ukauliza kibanda cha Nuriat, watu watakutazama tu. Uliza kwa Hajati Leseni, hapo hata muuza chapati atakunyooshea kidole. Makka kwenyewe hajafika. Uhajati huo amepachikwa na wateja, kwa sababu kabla hajagusa kompyuta ya mtu lazima aulize kila programu iliyomo imetoka wapi, imetengenezwa na nani, na leseni yake inasema nini. Watu wanataka mashine iwake waende zao. Yeye anataka kusoma leseni.

Ni Mnubi, wa zile familia ambazo babu zao waliletwa na jeshi kutoka Sudan enzi za wakoloni wakabaki hapa. Alilelewa Bwaise, ambako mvua ikikaza kwa saa moja masufuria yanaanza kuelea chumbani, na alipojiweza akahamishia kazi yake Kasubi penye mwinuko, maana diski za kompyuta na maji ya mfereji havipatani. Ana miaka arobaini na sita, ana macho makali, ana ulimi, na ana ubishi ambao umemgharimu kuliko kitu kingine chochote alichowahi kuwa nacho.

Ubishi huo hakuuokota barabarani. Zamani kidogo alikaa na mama yake, Bibi Hajara, akaandika maneno ya Kinubi ambayo vijana wa siku hizi hawayajui tena. Majina ya vyombo, ya magonjwa ya watoto, ya manukato ya udi. Aliyaandika kwenye programu aliyowekewa na fundi mmoja, na baada ya mwezi programu ikafunga mdomo, ikasema muda wa kujaribu umekwisha, inunuliwe. Faili lilikuwa la aina ambayo hakuna programu nyingine iliyoweza kulisoma. Maneno mia tatu na kitu ya mama yake, aliyoyapiga kwa vidole vyake kwenye mashine yake, yakawa mateka wa mtu asiyemjua.

Wakati huo alikuwa akisoma kwa Mwalimu Wangila, Mkenya wa Bungoma aliyefundisha kompyuta kila Jumamosi kwenye chumba cha madrasa. Alipompelekea kilio chake, Wangila alimwambia kuwa programu usiyoruhusiwa kuifungua ukaona ndani, hiyo haikutumikii wewe. Wewe ndiye unayeitumikia. Akamwonyesha programu huru, zile ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzichunguza, kuzirekebisha na kumgawia jirani. Tangu siku ile Nuriat hakurudi nyuma. Hata video za mtandaoni alitazama zile tu zinazochezeka kwa programu huru: mawaidha, masomo ya ufundi, harusi za Wanubi wa Bombo. Zile zenye kufuli, ambazo kampuni imezifunga ili zichezeke tu ndani ya programu yake ya siri inayomchunga mtazamaji, alizipita kama anavyopita baa. Na tuseme kweli, alikuwa na haki. Mpaka leo ana haki.

Sasa, huyo mama yake hakuwa mama wa hivi hivi. Bibi Hajara ndiye aliyekuwa akiimba wimbo wa kumtoa bibi harusi katika ukoo wao. Kila nyumba ina wa kwake, na wa nyumba yao unataja bibi waliotangulia, kutoka mama hadi mama, majina manane, hadi kwa yule aliyetembea kwa miguu kutoka Sudan nyuma ya wanajeshi, na mama yake aliyeachwa huko. Na kuna mwiko: wimbo huo hauimbwi pasipo bibi harusi. Huwezi kuuimba jikoni ukijifunza, huwezi kumtajia mtu majina hayo kwa mpangilio wake akiwa amekaa na daftari. Ukiuimba bure, unaita mtu atoke nyumbani ambaye hakupaswa kutoka, na kwao, kutoka kwa namna hiyo ni kutoka ndani ya jeneza. Basi binti anausikia harusini tu, mara chache, katikati ya ngoma na vigelegele, na anashika anachoshika.

Mwaka 2021 kaka yake Nuriat, Bashir, aliozesha binti yake mkubwa, na kampuni moja ya filamu yenye ofisi Mbuya ikaomba kupiga picha harusi hiyo. Mkuu wao, bwana mmoja anayeitwa Ogutu, alikuwa mtu wa heshima na maneno matamu. Bibi Hajara aliimba siku ile kama aliyejua kuwa ni mara ya mwisho. Sauti ilitoka nzima, majina yote manane, na kamera ilikuwa mbele ya uso wake.

Ogutu akamwajiri Nuriat aandike tafsiri ya Kiswahili ya chini ya picha, maana nani mwingine Kampala anajua Kinubi na kompyuta kwa pamoja? Alipewa saa mbili nzima za harusi kwenye diski. Alifanya kazi wiki tatu, kwa programu huru, kwa unadhifu wake ule. Alipofika kwenye wimbo, alikumbuka maagizo ya kampuni: mistari isizidi miwili, mtazamaji asichoshwe. Majina manane hayaingii kwenye mistari miwili. Akaandika, "Anawataja bibi zake," akaendelea mbele.

Kazi ilipokwisha akarudisha diski, akasoma mkataba aliotia sahihi. Mkataba ulisema nakala zote zifutwe. Wewe na mimi tungebakiza moja kwenye flashi, tukanyamaza. Lakini huyu ni Hajati Leseni. Mtu anayewaambia wenzake kila siku kwamba leseni ni ahadi, kwamba programu huru zenyewe zinasimama kwa sababu watu wanaheshimu kilichoandikwa, angeanzaje kuvunja cha kwake? Alifuta. Tena hakufuta kwa kubofya tu; alitumia programu inayoandika takataka juu ya faili mara tatu, ili hata fundi mwenzake asiweze kulifufua. Kisha akaenda kumweleza mama yake, na nadhani alitarajia kusifiwa.

Bibi Hajara akasema, "Mwanangu, wageni wamebaki na sauti yangu, wewe umeifuta."

Nuriat alimweleza kwamba filamu ingetoka, wangepewa nakala yao, kila mtu angeona. Ndivyo Ogutu alivyoahidi. Filamu ilitoka mwaka uliofuata, na badala ya nakala wakaletewa kiungo cha mtandaoni. Nuriat akakibofya kibandani, na kioo kikamwandikia kwamba kivinjari chake hakiruhusiwi kucheza video hii. Kampuni ilikuwa imeiuza kwa mtandao wa kulipia wenye makufuli yote. Angeweza kuweka ile programu ya siri kwa dakika mbili. Hakuiweka. Aliandika barua, yenye adabu na hoja, akiomba familia ipewe nakala isiyo na kufuli. Aliambiwa ombi lake limepokelewa.

Katika kusubiri huko, Bibi Hajara akapata kiharusi. Mkono mmoja ukaenda, na sauti ikaenda. Mwanamke aliyekuwa akisikika hadi mtaa wa tatu akawa anatoa mlio mdogo wa koo, na machozi yenyewe yanashuka upande mmoja tu. Alikaa hivyo mwaka na miezi saba. Mara kwa mara aliinua mkono wake mzima akaelekeza kwenye kompyuta ya Nuriat, kisha kifuani mwake. Kila mtu nyumbani alielewa: alitaka kujiona akiimba.

Bashir alijitolea kumwonyesha kwenye simu yake. Nuriat akakataa. Alisema mama haonyeshwi sauti yake mwenyewe kupitia tundu la kufuli ambalo ufunguo wake ameushika mtu mwingine. Ataiona kwenye kioo kikubwa, nakala yake, ya nyumbani kwake. Ogutu atajibu wiki hii. Akaandika barua ya pili, na ya tatu. Bashir si mtu wa kugombana na dada yake, akairudisha simu mfukoni.

Bibi Hajara alikufa siku ya Jumanne kabla ya adhuhuri. Barua ya nne ilikuwa bado iko kwenye kompyuta, haijamaliziwa.

Sitaki kumwonea Nuriat. Waliofunga ule mlango si yeye. Ni watu wa Mbuya waliochukua sauti ya kikongwe bure, wakaiwekea kufuli, wakamuuzia mwanawe ruhusa ya kuisikia kwa mwezi. Lakini tangu siku ile anajua kwamba alikuwa na haki na mama yake hakujiona, na hayo mawili hayapungui kwa kuwekwa pamoja.

Mwaka huu akachumbiwa Shamim, binti wa mwisho wa Bashir. Na kwa kuwa Nuriat ndiye senga, kama Kampala nzima inavyomwita shangazi, kazi ya kumtoa bibi harusi ilimwangukia yeye. Alijua kuanza: Hajara sasa naye anaingia, kisha Mastura, kisha Zenabu, kisha Kaltuma. Hapo njia ikakatika. Alizunguka Bombo nzima kwa wazee, na kila mmoja akampa jina moja lisilo na mahali pake, mwingine akambishia mwenzake. Yule aliyetembea kutoka Sudan, hakuna aliyekuwa na hakika naye.

Akapiga simu kwa Ogutu, safari hii hakuomba filamu. Aliomba zile saa mbili za mwanzo, ambazo hazijakatwa.

Ogutu akamwita kwa heshima ya Kiganda, "Nyabo, zile diski tulitumia kwa filamu ingine, ya sokwe. Kwani wewe hauna yako?"

"Nilifuta. Mkataba ulisema."

"Ulifuta kweli?" Sauti yake haikuwa ya kejeli, ilikuwa ya mshangao, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Hiyo karatasi tunapeana kwa kila mtu. Hakuna mtu anafutanga."

Nuriat alimaliza maongezi kwa adabu. Alikaa kibandani mpaka mteja akamwita mara mbili.

Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi, alikwenda Bwaise kwa Bashir. Shamim alikuwa amekaa mkekani, mikono imejaa hina mbichi, wanawake wamemzunguka. Nuriat akamwomba simu. Shamim alimtazama, maana hakuna aliyewahi kumwona senga yake akitazama kitu chenye kufuli, akasema taratibu, "Iko hapo, Senga. Ishike wewe, mikono yangu haijakauka."

Basi akaishika. Akaweka ile programu mwenyewe, akabofya kukubali masharti yote bila kuyasoma hata mstari mmoja, yeye huyo. Akaingiza bando, akalipia mwezi, akatafuta harusi ya kwao katikati ya filamu za watu wanaopigana. Wanawake wakasogea. Mama mmoja akapunguza redio.

Filamu yenyewe ilikuwa dakika hamsini. Uso wa Bibi Hajara ulitokea dakika ya thelathini na moja, na chumba kizima kikavuta pumzi. Alikuwa yeye, na jino lake la dhahabu, na shela yake ya njano. Akafungua mdomo. Sauti ikatoka, sekunde chache, Mastura, Zenabu, na Nuriat akaongeza sauti ya simu. Kisha sauti ya mama ikashushwa chini kama redio ya jirani, na juu yake akaingia mwanamume mwenye Kiingereza laini akieleza historia ya Wanubi. Midomo ya Bibi Hajara iliendelea kucheza. Ilitaja jina baada ya jina, wazi kabisa, na hakuna lililosikika. Chini ya picha, kwa herufi nyeupe nadhifu, yaliandikwa maneno matatu: Anawataja bibi zake.

Nuriat aliyatambua. Alirudisha nyuma, akatazama tena. Akarudisha tena, akiangalia midomo, akijaribu kuyasoma majina kwenye mwendo wa midomo ya mama yake, mpaka Shamim akasema, "Senga, basi." Simu ikachukuliwa mkononi mwake na mtu, hakujua nani.

Jumamosi ngoma ilipigwa kama kawaida. Shamim akasimama mlangoni amefunikwa, na Nuriat akasimama mbele yake mahali alipokuwa akisimama mama yake. Sauti hana, lakini aliitoa aliyo nayo. Hajara. Mastura. Zenabu. Kaltuma. Ngoma ikasubiri jina la tano. Wanawake wakasubiri, mikono imeinuliwa tayari kupiga makofi. Yeye alifungua mdomo, na kilichotoka ni kile alichokiandika mwenyewe chini ya picha, sasa kwa Kinubi chake safi: na bibi zake, na bibi zake, na bibi zake. Wakapiga makofi. Vigelegele vikapanda, bibi harusi akatoka, mambo yakaenda.

Wasichana walirekodi yote kwa simu zao. Jioni ile ile wakatumiana, na Jumatatu wimbo ulikuwa umefika Bombo, Arua, hadi Kibera kwa jamaa wa huko. Unachezeka kwenye kila kitu, hata kwenye kompyuta ya Nuriat. Mabinti wameshaukariri hivyo hivyo ulivyo, na ndio watakaouimba kwa watoto wao. Hauna kufuli lolote.