Mwalimu wa Saa Nane Mchana

Juzi niliingia dukani kununua betri, nikamkuta mwenye duka anafunga boksi la mteja. Alipoivuta selotepu, kraaa, nilijikuta nimesimama wima, mikono nyuma, kidevu juu. Mtu mzima mimi, na mkoba begani. Akaniuliza kama naumwa mgongo. Nikacheka naye, nikachukua betri zangu, nikatoka, lakini mpaka nafika nyumbani moyo haukuwa sawa, na ndiyo sababu nimekaa hapa kuwasimulia.

Sauti hiyo ndiyo iliyokuwa kengele yetu ya shule. Tulikuwa tunaishi Guangzhou, mtaa wa Xiaobei, ghorofa ya tisa, chumba na sebule, na sebule yenyewe imejaa marobota ya nguo. Asubuhi Mama alikuwa kwenye majengo ya jumla ya Guangyuan Xilu akinunua nguo za watoto, na Baba alishinda Xintang kwenye viwanda vya jinzi akisimamia oda za watu wa nyumbani. Mchana Mama alirudi akafunga mzigo. Akishakata selotepu ya mwisho kwa meno, tulijua saa nane imefika.

Asubuhi mimi na mdogo wangu Yona tulikuwa watoto wa chekechea ya Kichina. Ilikuwa nyuma ya soko la mboga. Getini muuguzi alitumulika koo kwa tochi na kutugeuza viganja, ndipo turuhusiwe kuvua viatu. Tuliimba, tukafanya mazoezi ya viungo uwanjani, tukala wali kwa supu ya mwani. Baada ya chakula wenzetu walilala. Kila mtoto alikuwa na kitanda chake kidogo na kifarishi chenye maua, mapazia yanashushwa, na hapo hapo sisi wawili tunaitwa, mama yenu yupo getini. Hakuna mtoto mwingine aliyeondoka saa ile. Mama ndiye aliyeomba iwe hivyo. Kichina chake kilikuwa cha sokoni, kwa hiyo alipokwenda kumwona mwalimu mkuu alimwita laoban, yaani bosi, kama alivyowaita wenye maduka wote, akamwambia anataka nusu tu, kwanza aone. Yule mama wa Kichina alicheka mpaka akashika meza, kisha akakubali. Nilivitamani sana vile vitanda.

Nusu ya pili ya siku ilikuwa ya nyumbani, na sababu yake ilikuwa Bibi.

Bibi, mama yake Baba, alifundisha shule ya msingi Singida mpaka alipostaafu. Alimfundisha Baba mwenyewe, na shuleni Baba hakuruhusiwa kumwita mama. Alimwita Mwalimu kama wenzake, akachapwa kama wenzake. Bibi hakupenda tukae China. Mshika mbili moja humponyoka, alisema kwenye simu, na watoto hawa lugha zitawaponyoka zote. Baba akampa neno lake: Desemba tukienda likizo, Bibi atatupima mwenyewe. Anayesoma Kiswahili kwa kadiri ya umri wake atarudi Guangzhou. Asiyesoma atabaki Singida, aanze shule huko. Mimi nilikuwa na miaka sita, Yona minne. Kwangu ilikuwa kusoma hadithi, kwake silabi tu na maneno mafupi. Mama alitueleza yote mezani, na siku ile hakumaliza chakula chake.

Mama aliishia kidato cha pili, na mfano wa ualimu aliokuwa nao ni wa mama mkwe wake. Akaufuata. Alikwenda bafuni, akatoka amevaa koti la kijivu la Baba na miwani ya sampuli isiyo na vioo. Akatoka hadi kwenye korido, akafunga mlango, akabisha hodi. Sisi tunasimama katikati ya marobota. Shikamoo Mwalimu. Marahaba, kaeni. Ubao ulikuwa mgongo wa kabati, na kuanzia hapo mpaka saa kumi na moja hakukuwa na Mama mle ndani. Ukimwita Mama haitiki. Hata sauti ilibadilika, ikawa kama ya msoma habari wa redio. Mimi nilipenda. Nilikuwa na umri wa kujua kwamba ni mchezo, na kwamba mchezo wenyewe una jambo zito ndani yake.

Yona hakujua. Wiki ya kwanza, katikati ya ba be bi, alilia anataka Mama ampakate. Mwalimu akainama, akamtazama kupitia ile miwani.

"Mama yako yuko sokoni," alimwambia. "Atarudi saa kumi na moja. Sasa soma."

Yona akafuta kamasi, akasoma. Dawa ilifanya kazi, na kwa kuwa ilifanya kazi Mama akawa anaitumia kila siku.

Saa kumi na moja Mama akitoka bafuni na kanga yake, Yona alimrukia kama hajamwona tangu juzi, kisha akaanza mashtaka. Mwalimu leo amenisema. Mwalimu hacheki. Mama, Mwalimu amekula ndizi yako. Alikuwa akibakiza biskuti ya chekechea ili ampe Mama, na Mwalimu akibisha hodi anaificha chini ya robota. Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akamsimulia Baba, Baba akawasimulia watu kwenye mgahawa wa chini tulikokula wali na maharage, na ikawa kila wakimwona wanamuuliza, "Mama Tumaini, Mwalimu hajambo?" Tumaini ni mimi. Naye anajibu, "Hajambo, ila mkali yule, hata mimi namwogopa." Tulicheka sote. Na Yona alikuwa anasoma, hilo lazima niseme. Alishafika sa se si.

Ukaja ule msimu wa unyevu wa Guangzhou, kuta zinatoka jasho na nguo hazikauki hata uzianike vipi. Siku moja Yona alirudi kutoka chekechea kimya. Mama alikuwa na haraka, mzigo ulikuwa uchukuliwe jioni ile ile, akafunga marobota, akakata selotepu, akaenda bafuni.

Kipindi kilianza. Yona alisimama, akaamkia, akakaa. Aliulizwa silabi, hakujibu. Akaulizwa tena. Mwalimu akasema samaki mkunje angali mbichi, akampeleka asimame karibu na dirisha mpaka awe tayari kusoma. Alikwenda bila ubishi, akaegemeza paji la uso kwenye kioo. Baadaye akauliza kwa adabu, "Mwalimu, saa kumi na moja bado?"

"Bado."

"Ahsante Mwalimu."

Kisha akaanguka. Macho yalikuwa yamegeuka, mikono inapiga sakafu. Sijawahi kumwona mtu akiacha ualimu haraka vile. Mama aliikanyaga miwani akipita. "Degedege," alisema, "Yesu wangu, degedege," akambeba hivyo hivyo mpaka kwenye lifti, peku, mimi nyuma nimeshika viatu vyake.

Hospitali walimtundikia dripu, mwili ukatulia. Baba alipofika kutoka Xintang, daktari alimweleza kwamba homa ile haikuanza ghafla, mtoto alikuwa nayo tangu mchana. Baba akamtafsiria Mama, naye alisikiliza amesimama, mkono mdomoni.

Yona alipofumbua macho alimtazama Mama muda mrefu. Mama bado alikuwa na lile koti la kijivu. Alipogundua kinachotazamwa, alilivua, akalisukumia chini ya kitanda. Ndipo Yona akasema.

"Mama, umechelewa."

"Nilikuwepo, baba."

"Hapana. Alikuwepo Mwalimu. Kichwa kilikuwa kinaniuma, nikawa nakusubiri wewe nikwambie."

Mama alitoka akaenda kusimama kwenye korido, uso ukutani. Baba alimfuata, Mama akamrudisha kwa ishara ya mkono. Mimi nilibaki na Yona nikimhesabia matone ya dripu, na niliogopa kuliko nilivyoogopa alipoanguka.

Mwalimu hakuja tena. Masomo yalihamia kitandani, Yona amepakatwa, na akisinzia anaachwa asinzie. Baada ya mwezi Mama alimruhusu abaki chekechea na wenzake hata mchana, akapata kitanda chake na kifarishi chake, nami nikaona wivu. Akaanza kunenepa. Akaanza kuimba bafuni kwa Kichina. Silabi zilibaki pale pale sa se si, na hata hizo zikaanza kumtoka. Mimi niliendelea kusoma, nikafika hadithi za kurasa mbili mbili, na kila nikigeuza ukurasa nilimwona yeye akibaki nyuma. Siku moja sikuweza kuvumilia, nikamwambia Mama, "Bibi atambakiza."

"Najua, mama," alinijibu, akaendelea kumkata Yona kucha.

Desemba ilifika. Bibi alitupima sebuleni kwake, kwenye makochi ya vitambaa vya kufuma, baada ya chai. Mimi nilisoma ukurasa mzima bila kukwama. Yona alikishika kitabu kwa mikono miwili, akakitazama kwa heshima, na kwa kuwa alitaka kumfurahisha Bibi akamhesabia kwa Kichina mpaka pumzi ikamwishia. Bibi hakuwa mtu mbaya. Alimpa andazi.

"Ana akili huyu," alisema. "Ila hasomi. Na neno mlilitoa wenyewe."

Baba alimtazama Mama. Nami nikamtazama, nikingoja aseme kitu, aombe, apige magoti ikibidi. Mama aliinuka akaenda kwenye begi, akaanza kuzitenga nguo za Yona na zetu.

Nilimkasirikia kwa miaka mingi. Tulirudi Guangzhou watatu. Habari za Yona zilitufikia kwa simu: alisoma, akapanda madarasa, Kichina kikamwisha, na mwaka wa pili nilimsikia akimwita Bibi mama. Mama naye alisikia. Aliendelea kuuliza habari za shule kama hakusikia. Niliamini kwamba alichoka, kwamba mtoto mmoja alimtosha, na kwamba siku moja nikilegea nami nitatengewa nguo zangu.

Mwaka jana tulikuwa tunamenya viazi nyumbani kwake, nikamuuliza. Nilimwambia miezi ilikuwepo. Angeweza kumrudisha Yona kwenye silabi, hata kwa nguvu.

"Ningeweza," alisema. "Angesoma kukupita wewe."

"Na angerudi na sisi."

"Angerudi, ndiyo. Tukae nyumba moja, mimi Mwalimu, naye ananisubiri."

Akachukua kiazi kingine. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husema watu, nami nilikuwa nausema kama wote bila kujua nasema nini. Niliamini Mama alishindwa Singida, pale sebuleni. Kumbe alikuwa ameshaamua tangu siku ile ya korido ya hospitali, na miezi yote iliyofuata aliishi akijua Desemba itamdai nini. Sina hakika kama aliamua sawa. Kuna siku nadhani ndiyo, na kuna siku naikumbuka sauti ya mdogo wangu kwenye simu na naona hapana.

Yona mwenyewe hakumbuki koti wala homa. Anachokumbuka ni stendi ya mabasi Singida, asubuhi tulipoondoka. Anasema Mama alichuchumaa mbele yake, akamwambia anakwenda mbali na hatarudi mpaka Desemba nyingine. Anasema alilia sana, na aliyekuwa analia naye alikuwa Mama.