Mama na Dirisha la Kulipia Maji

Mama yangu huenda ndiye mtu wa mwisho hapa Newala aliyekuwa akilipia maji kwa noti mkononi. Siapi, lakini mwingine sijamwona. Kila mwezi alivaa khanga zake za kutokea, akafunga hela kwenye pindo, akaenda ofisi ya maji na kupanga foleni mbele ya kidirisha chenye nondo. Alirudi mchana na risiti yake, amechangamka utadhani ametoka harusini.

Mimi nilikuwa nachemka. Nina duka la mabomba na vifaa vya ujenzi Mkomaindo, kule Masasi. Wateja wananilipa kwa simu, nami nalipa umeme, ada za watoto, ushuru, mpaka mchango wa msiba, kwa simu hiyo hiyo, nikiwa nimekaa kwenye stuli na viatu nimevua. Koki ya mama ilitoka dukani kwangu, bomba lilitoka dukani kwangu, na fundi nilimlipa mimi. Halafu mtu mwenye binti kama mimi anakwenda kusimama juani asubuhi nzima.

"Mama, kwa simu ni kubonya tu," nilimwambia mara sijui ngapi.

"Bonya yako," alinijibu.

Simu anayo, msije mkadhani hana. Lakini laini yake ilisajiliwa kwa kidole cha mjomba, mdogo wake, kwa sababu siku ya usajili mama alifika pale, akamsikia karani akiita watu, akageuza njia akarudi nyumbani. Hela za korosho zake nazo huingia kwenye akaunti ya mjomba, na mjomba akizitoa anakata kidogo ya soda, na soda yenyewe kila mtu anajua inakamuliwa kwenye mabibo na inalevya. Nilimbembeleza mama afungue akaunti yake mwenyewe. Akasema benki kuna baridi. Nikasema basi, mama yangu ni mkaidi, hana tiba.

Mwaka jana, katikati ya likizo ya Desemba, ofisi ya maji ikabandika tangazo kwamba haipokei tena fedha taslimu. Kila mteja apewe kontrolo namba, yaani ile namba ndefu ya malipo, akalipie benki, kwa wakala au kwa simu. Kidirisha kikafungwa kwa ubao. Mama alikwenda akakiangalia, akarudi na hela zake pindoni.

Jambo lenyewe halikuwa dogo. Wajukuu wake wawili, watoto wa mdogo wangu, walikuwa jandoni, na sherehe ya kuwatoa ingefanyika kwa mama. Wageni walikuwa wanatoka Makote, Lukuledi na Masasi, watu wa kula na kunywa na kuoga. Bila kulipa bili kabla ya Jumanne, maji yangekatwa.

Na asiyejua Newala hawezi kujua maji ni kitu gani. Sisi tuko juu, maji yako chini. Mama alipokuwa msichana alishuka bondeni alfajiri na kupanda na ndoo kichwani jua likiwa limeshawaka, na shingo yake mpaka leo ikigeuka inalia. Nilipomfungia ile koki, alikaa mbele yake kwenye kigoda akiifungua na kuifunga, akiifungua na kuifunga, mpaka fundi akaniuliza kama mama yuko sawa. Akaniambia, "Mwanangu, sishuki tena kule mpaka nife. Na nikifa mnizike huku huku juu."

Jumapili tukakaa kikao cha bili. Mama alikuwa anamenya mihogo, mjomba amekalia kiti kizuri, mimi nimesimama kwa sababu nikiwa na hasira sikai, na mdogo wangu yuko hewani kutoka Dar es Salaam, simu imewekwa sauti kubwa juu ya kinu.

Mjomba alitaka hundi. Zamani alikuwa karani wa chama cha msingi cha wakulima, na anaiamini hundi kama wengine wanavyoamini hirizi. "Hundi ina sahihi, ina muhuri," akasema. "Simu inaibiwa. Nani ataiba hundi?" Nikamwuliza kama ana kitabu cha hundi. Hana. Nikamwuliza mara ya mwisho amekishika lini. Akasema hilo si swali la kumwuliza mjomba.

Mdogo wangu akaleta habari za kadi ya mkopo. Eti anayo, benki wamempa, unalipia leo halafu hela yenyewe unaitoa mwezi ujao.

Mama akaacha kumenya. "Kwa hiyo maji nitakopa?"

"Siyo kukopa, mama. Yaani ni kukopa, lakini..."

"Wageni wangu wanywe maji ya mkopo, halafu waende nyuma ya nyumba wakakojoe deni langu?"

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Kadi ikafia hapo. Nami sikuitetea, maana kadi yangu ya benki, ambayo hata si ya mkopo, ilimezwa na mashine Masasi siku ya Ijumaa jioni, na mlinzi akanishauri nirudi Jumatatu, huku ananiangalia utadhani nimemlisha mashine makusudi.

Ikabaki simu yangu. Mama alinipa shingo upande kikaratasi alichopewa ofisi ya maji, chenye ile namba ya malipo, amekikunja mpaka kimekuwa kidogo kama punje ya hindi.

"Lipa," akasema. "Lakini usianze kuulizauliza. Lipa tu."

Nikadhani ni ukaidi wake ule ule. Nikapanda gari la jioni kurudi Masasi.

Kesho yake, dukani, nikaingiza namba. Kabla ya kumalizia, simu huonyesha jina la mwenye akaunti uhakikishe. Likatokea jina la mwanamke nisiyemjua. La kwanza la Kimakonde, la kale, sijawahi kulisikia kwa mtu. La pili ni jina ambalo nusu ya wilaya wanalo. Jina la mama yangu mimi nalijua, nimeliandika kwenye fomu tangu darasa la kwanza, na hilo halikuwa lake. Nikasema Mungu wangu, tumepewa namba ya mtu mwingine, nataka kumlipia bili mwanamke wa watu. Nikakatisha.

Nikampigia mama. Mama simu haiweki sikioni, anasema inachoma, kwa hiyo kila anayempigia anahutubia ukumbi mzima. Na siku hiyo ukumbi ulikuwepo kweli, nyumba imejaa kina mama wanachambua mchele wa sherehe, nawasikia wanavyocheka. Nami sauti yangu ni ya kuuza mabomba barabarani.

"Mama, shikamoo. Hivi huyu nani?" Nikalitaja lile jina, lote, kwa herufi zake zote. "Unamjua? Maana namba yako inaleta huyu."

Kicheko kule kikakatika. Sikusikia hata mchele. Kisha simu ikakatwa. Nikapiga tena, ikawa imezimwa. Nikapiga tena na tena, nikamsonya mama yangu mzazi peke yangu dukani, nikasema kama hataki kusaidiwa shauri yake. Bili sikuilipa.

Siku ya pili yake mjomba akanipigia. Maji yamekatwa.

"Njoo," akasema. "Na ukifika, usitangulize mdomo."

Nilimkuta mama uani, ameinama, anasokota ngata. Ndoo iko pembeni yake. Mwanamke wa umri ule, shingo ile, anasokota ngata ashuke bondeni, na wageni wanaanza kufika kesho. Nilisema shikamoo. Akaitika marahaba bila kuinua uso. Roho iliniuma, na nikiumwa roho huwa nakuwa mkali, kwa hiyo mjomba akanishika mkono akanitoa nje kabla sijafungua kinywa.

"Lile jina ni lake," akaniambia.

Kwetu, mtoto akitoka jandoni au unyagoni anapewa jina jipya, na lile la utotoni linabaki huko huko porini. Hakuna anayelitaja tena. Ukimwita mtu mzima jina lake la utoto umemvua nguo mbele za watu, kuna waliopigana na kuacha kuzikana kwa ajili hiyo. Haya nayajua, nimekulia ndani yake. Nililokuwa silijui ni kwamba mama alianza shule kabla hajachezwa unyago. Cheti cha shule kikaandikwa jina la utoto. Kitambulisho kikafuata cheti, na mita ya maji ikafuata kitambulisho.

"Na pale dirishani?" nikauliza.

"Yeye na yule mama wa dirishani walichezwa pamoja," mjomba akasema. "Alikuwa analiona kwenye mashine yake, anafunga mdomo, anapiga muhuri. Kwingine kote wanaita jina kwa sauti. Benki wanaita. Usajili wa laini waliita."

Nikakumbuka baridi ya benki. Nikatamani ardhi ipasuke, na nyie mnaonijua mnajua mimi si mtu wa kutamani hivyo.

Nikarudi uani mbio, nimeshatoa simu, nilipie pale pale. Mama akaninyang'anya simu akaitia kwenye ndoo tupu. Ililia ngo.

"Umeshalitangaza," akasema. "Kina mama wote wamelisikia. Sasa niache nikalimalize mwenyewe."

Akavaa khanga za kutokea. Akafunga hela pindoni. Nikamfuata nyuma, mjomba naye nyuma yangu.

Wakala wetu ni kijana wa kuja, amefungua kibanda karibu na soko, hajui mila za huku na hana kosa. Wauza nyanya wako palepale, na wawili kati yao walikuwa jana yake kwa mama kwenye mchele. Mama akanidai kile kikaratasi, akampa kijana pamoja na hela. Kijana akabonya, akasubiri, kisha kama alivyofundishwa kazi, akasoma kwa sauti ili kuhakikisha. Alilisoma jina lote, tena alilisoma vizuri.

"Ndiye huyu, bibi? Ni nani wako?"

Muuza nyanya mmoja aliinamisha kichwa akaanza kupanga nyanya zilizokwisha kupangwa. Mwingine aligeukia ukutani. Nilitaka kujibu mimi, niseme ni shangazi, ni jirani, ni yeyote. Mjomba akanibana kiwiko.

"Ni mimi," mama akasema.

Pikipiki ikapita. Kijana akainama mbele. "Samahani, bibi, sijasikia. Nani?"

Mama akasogea mpaka kwenye mbao za kibanda, akashika ukingo kwa mikono miwili.

"Ni mimi," akasema kwa sauti ambayo hata mjomba nyuma aliisikia. "Hilo ni jina langu. Lipa, maji yangu yarudi."

Nimeona watu wakifanya mambo makubwa, nimeona na wanaopigiwa makofi. Pale hakuna aliyepiga makofi. Yule muuza nyanya alimpa mama nyanya nne kwenye mfuko, hakutaka hela, na hakumwangalia usoni.

Maji yalirudi magharibi. Mama alijaza pipa, madumu, sufuria, mpaka beseni la kuogea watoto. Mjomba alipokwenda kutafuta soda yake, nikakaa chini karibu na kigoda cha mama. Nilitaka kuomba radhi, nikashindwa pa kuanzia, na mimi kushindwa pa kuanzia si kawaida. Akaanza yeye.

"Hiyo simu yako," akasema, "jina likitokea, inalitamka?"

"Hapana, mama. Inalionyesha tu kwenye kioo."

"Inalionyesha kimya?"

"Kimya kabisa."

Akafunga koki, akafikiri, akaifungua tena kidogo anawe mikono.

"Basi mwezi ujao lipa wewe, kwa simu. Simu haina tatizo," akasema. "Haina mdomo. Mwenye mdomo ni wewe."

Tangu hapo bili ya maji ya mama nalipa mimi. Kila mwezi lile jina linatokea kwenye kioo, naliangalia, nabonya, na mdomo wangu huu unaojulikana Masasi nzima naufunga.