Yusta Alivyovua Viatu Mlimani

Yusta Kalinga alikijua Kiingereza mpaka mbwa wa wazungu walikuwa wakimwomba ruhusa ya kubweka. Anayebisha aje huku Nyololo aulize, mbwa mmoja bado yu hai. Alikiokota jikoni kwa masista, akiwamenyea viazi, na alipofika miaka arobaini kampuni ya kupanda miti ya mipaina ikamwajiri awe mdomo wao kwetu na wetu kwao. Wakamsainisha kiapo: atafsiri kinachosemwa, asiongeze, asipunguze.

Kijijini tukamwita mkate, siagi imepakwa upande wa wazungu. Nadhani jina hilo nililianzisha mimi. Huko ofisini nako msimamizi wao, Marcelino wa kutoka Mbeya, hakumwachia faili hata moja, kwa kuwa ni mtoto wa huku.

Juni, kwenye baridi ya kufanya chafya ianguke chini vipande vipande, tulipandishwa mlimani wazee saba, mimi nikiwemo, kuulizwa swali moja tu. Mzungu wao, tuliyemwita Bwana Ramani, alikuja na fomu iliyotaka kujua kama pale pana makaburi. Yakiwepo, mlima unabaki wetu. Yasipokuwepo, wiki ijayo trekta linapanda.

Mtasema si mngejibu tu kwamba yapo. Kwetu haiwezekani. Waliolala mlimani hawatajwi mbele ya mgeni, wala hawanyooshewi kidole. Hawana misalaba wala saruji, wana mawe matatu matatu chini ya nyasi. Kumwonyesha mgeni ni kumfungulia chumba cha baba yako naye kalala uchi.

Bwana Ramani akauliza. Yusta akatuletea swali kwa Kihehe. Mzee Tadeo, mkubwa wetu, akavuta ugoro akatazama mawingu. Wote tukatazama mawingu. Hata mimi, niliyewahi kumdanganya padri, mganga na mume wangu kabla ya saa nne asubuhi, nilikosa uongo.

Mzungu akauliza tena. Marcelino akatoa kalamu.

"Wamesema hakuna," akasema kwa Kiswahili.

"Hawajasema," Yusta akamjibu.

"Basi tafsiri walichosema."

"Hawajasema kitu, kaka Marcelino."

"Kimya kwenye fomu kinaandikwa hakuna. Au una jibu lako mwenyewe, dada? Kumbuka ulichosaini."

Baba yake Yusta amelala palepale, hatua ishirini kutoka aliposimama. Akisema kwa Kiingereza kwamba yapo, kavunja kiapo cha kampuni, na kwetu kawataja wafu. Akinyamaza, trekta linamlima baba yake.

Kalamu ikagusa karatasi.

Yusta akainama, akavua viatu. Buti za kampuni, akazipanga kando, soksi ndani yake. Akatembea peku hatua ishirini kwenye umande ule wa barafu, akasimama, akapiga magoti.

"Kamwene," akasema. Ndiyo salamu yetu.

Akainuka, hatua tatu, akapiga magoti tena. Kamwene. Akawasalimia babu zake, shangazi yake, na mapacha wa jirani yetu Eveline waliokufa kabla ya kupewa majina. Hakuongeza neno, hakupunguza. Bwana Ramani hakuhitaji mkalimani. Alimpokonya Marcelino kalamu, akawa anachora kijiti kwenye fomu kila goti lilipogusa ardhi, mpaka vikafika arobaini na kimoja. Mimi naapa niliwasikia wakiitikia, ingawa marehemu mume wangu alichelewa, kama kawaida yake.

Mzee Tadeo akaufunga ugoro wake. "Binti, umetuvua nguo."

"Nimesalimia tu, babu."

Mipaina ikaishia mtoni, mlima ukabaki. Kampuni haikumwita tena Yusta, walisema ana upande. Wazee nao walimtoza kuku mweusi na ndoo mbili za ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kwa kuwaamsha wafu mbele ya mgeni. Nao walisema ana upande. Alivileta vyote bila kubisha. Ndoo moja ilifika kwa wafu nusu, na msiniulize.

Buti alizisafisha akazirudisha ofisini, akarudi kilomita tisa peku. Nilikutana naye njiani, miguu imepasuka. Akapiga magoti vumbini, akanisalimia kamwene.

Nikamwambia, "Inuka, mwanangu. Mimi sijafa bado."

Akacheka mpaka akalia. Nikakaa naye chini, na jina lile la mkate nikalimeza hapohapo.