Utamu wa Kabati la Mama

Dada Somoe aliniambia kwamba utamu wa pilau ya mama ulikaa kwenye rangi ya kabati la jikoni, nami nikaamini kabisa. Juzi, Nachingwea mjini, nilimwona fundi akipiga msasa kabati kuukuu, nikaikumbuka alasiri moja ya utotoni, kabla ya Idi. Mama alikuwa akikwangua letu, vumbi la kijani likifunika kijiji chetu kizima cha Lionja. Chini ikatokea bluu. Nikasogeza pua, nikanusa samaki wa kukaanga. Yaani utamu ulikuwa ukitoka hivihivi!

"Mama, acha! Kesho tutakula nini?"

"Majani, mdogo wangu!" Somoe akacheka.

Mama akanifuta machozi kwa kanga. "Utamu nautia mimi, baba. Hapa natoa mafuta yaliyoganda, maana rangi mpya haishiki juu ya mafuta."