Mkanda Uliozikwa Nyaramba

Kama wewe ni mtu wa kucheka, cheka sasa umalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya sikusimuliwa na mtu. Nilikuwapo mwenyewe, bisibisi mkononi, akili timamu, wala usiseme nilikuwa nimelewa. Sisi ni Wasabato, na mama yangu angesikia nimeonja chang'aa angenizika mzima mzima.

Miaka ile ya sabini nilikuwa fundi wa stima mjini Kisii. Stima yenyewe ilikuwa ya wachache: maduka, ofisi, nyumba za walimu na madaktari. Ukitoka mjini kidogo tu ulikuta koroboi za mafuta ya taa. Nilikuwa nimetengeneza pasi, redio, majiko, hata mashine ya kunyolea ya bwana mmoja mwenye kichwa kigumu kama jiwe la kusagia, nikajiona nimemaliza dunia. Ndipo mwalimu Bosibori aliponiita nikamtengenezee mashine ya kukimbilia.

Hujaelewa? Hata mimi sikuelewa. Ni ubao mrefu wenye mkanda wa mpira unaozunguka, na mota kwa mbele. Unapanda, unawasha, mkanda unakwenda nyuma nawe unakimbia mbele. Unatoka jasho jingi, na ukizima uko palepale ulipokuwa. Nilicheka mpaka nikashika mlango. Kisii hii, ambako kwenda kuteka maji tu ni kupanda mlima, nani anahitaji kukimbilia sebuleni?

"Ilikuwa ya mume wangu," mwalimu alisema. Nikaacha kucheka, nikatoa bisibisi.

Habari za mumewe nilizijua, nani hakuzijua? Aliitwa Mokua, mtu wa Nyaramba, mwalimu mwenzake na mwanariadha. Miguu yake ndiyo iliyompeleka Marekani kusoma. Huko akazama mtoni, na mwili haukupatikana. Lililorudi ni sanduku kubwa la mbao, ndani yake nguo, viatu na mashine hiyo. Rafiki yake aliyerudi alisema Mokua aliinunua kuukuu, akawa anakimbia chumbani wakati wa theluji, macho ameyafumba, akisema anapanda kilima cha kwao.

Sasa, kwetu mtu akifa mbali na mwili usipatikane, wazee hukata shina la mgomba wakalizika badala yake, ili marehemu apate mahali pake na walio hai wapate kulia. Baba mkwe wa Bosibori alikuwa amekuja mjini mara nyingi kuomba jambo hilo lifanyike. Kila mara alijibiwa neno moja: "Sitalilia mgomba." Watu walimsema sana mwalimu. Walisema ana kiburi cha kusoma. Lakini mimi nilipomwona siku ile sikuona kiburi, niliona mtu aliyekonda kwa kungoja.

Basi nikaanza kazi kama ninavyoanza siku zote, kutoka ukutani. Soketi ilikuwa nzima. Mashine za Marekani hunywa nusu tu ya stima yetu, ukiichomeka moja kwa moja unaikaanga, lakini transfoma ya kupunguza ilikuwapo na ilipunguza vizuri. Fyuzi nzima. Swichi nzima. Hapo nikafungua mota. Ndani yake kuna vipande viwili vya kaboni vinavyosugua kitovu cha mota na kukipelekea stima. Vilikuwa vimelika mpaka kwenye springi.

"Mwalimu," nikamuuliza, "nani anakimbia humu ndani?" Tulikuwa tunasema Kikisii, nami nakutafsiria.

"Hakuna mtu."

"Wewe je?"

"Sijawahi hata kuikanyaga."

"Lakini unaiwasha."

"Kila jioni nikitoka shule."

"Ya nini sasa?"

Akaenda kuweka chai jikoni. Nami nikabaki nakuna kichwa. Mashine ikizunguka tupu haili kaboni namna ile. Hizi zilikuwa zimeliwa na mzigo, tena mzigo wa mtu mzima, kwa muda mrefu.

Vipuri vya Marekani ungevitoa wapi Kisii? Nilivunja betri kuukuu za redio, nikatoa vijiti vyake vya kaboni, nikavichonga kwa tupa mpaka vikakaa mahali pake. Nikafunga mita yangu ya kupimia stima inayoingia kwenye mota, nikawasha. Mkanda ukazunguka, mshale wa mita ukakaa chini, kama inavyotakiwa mashine ikiwa tupu. Nikachukua mkungu wa ndizi jikoni nikauegemeza juu ya mkanda huku nimeushikilia. Mshale ukapanda kidogo. Kisha nikapanda mwenyewe. Mshale ukafika katikati, nami nikatupwa nyuma nikaangukia kochi. Mwalimu akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu niingie.

"Imepona," nikamwambia, nikanyoosha mkono kuzima.

"Usizime, fundi. Ngoja."

Akachukua kigoda akakiweka nyuma ya mashine, karibu na mlango, akakaa mikono magotini kama mtu aliyewahi kanisani. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwa mbele, penye mota, chini ya dirisha. Tukangoja.

Mshale ukaanza kupanda.

Niamini, nilidhani ni kaboni zangu. Nikagusa nyaya, zilikuwa imara. Mshale ukapanda mpaka pale ulipofika nilipopanda mimi, ukapita kidogo. Tena haukutulia, ulikuwa unaruka, mruko mdogo, mruko mkubwa, mdogo, mkubwa. Fundi yeyote anayejua mota angekwambia maana yake. Mshale huruka hivyo mtu anapokanyaga.

"Mguu wake wa kushoto ulivunjika utotoni," mwalimu akasema taratibu. "Ulikuwa unapiga kwa nguvu kuliko wa kulia."

Hapo ndipo nikasikia na nyayo zenyewe juu ya mpira, moja nyepesi, moja nzito. Haki ya Mungu, nilitaka kutoka. Lakini mlango ulikuwa upande wa pili, na kati yangu na mlango kulikuwa na huyo mwenye nyayo. Ungepita wewe?

"Namsikia kila jioni," mwalimu alisema. "Lakini ananipa mgongo. Nakaa hapa naye anakwenda, anakwenda tu. Nikihamia mbele yake, kimya. Nikiigeuza mashine, kimya. Mkanda huu ulimzoea huko, unampeleka mbali. Usigeuze mashine, fundi. Geuza mota."

Alikuwa anafundisha sayansi, alijua anachosema. Mota ya namna ile ukibadilisha nyaya mbili zinazokwenda kwenye kaboni, huzunguka kinyume. Nikamwambia, "Mwalimu, mambo haya ni ya mchungaji."

"Mchungaji ameniambia nisahau. Wazee wameniambia nizike mgomba. Wewe peke yako hujaniambia kitu. Nataka anielekee, basi. Nimeolewa naye, si haki yangu?"

Nikazima, nyayo zikakoma. Nikafungua nyaya mbili, nikabadilisha, nikakaza. Wakati huo mvua ya alasiri ilikuwa imeshafika, ile yetu ya radi na mawe, inayopiga mabati mpaka husikii unachofikiri. Sebule ikawa giza. Nikawasha.

Mkanda ukazunguka kinyume, kutoka mlangoni kuja kwangu. Mshale ukalala chini kitambo. Kisha ukapanda, mruko mdogo, mruko mkubwa. Mwalimu akakaa wima. Nadhani sijawahi kuona uso wa mtu ukitamani kitu namna ile, na tangu siku hiyo sijauona tena kwa mwingine.

Radi ikapiga, stima ikakatika mji mzima. Taa ya jikoni ikazima, redio ya jirani ikanyamaza, mshale wa mita yangu ukaanguka sifuri. Mkanda haukusimama. Nasema haukusimama! Mota haikuwa na hata tone la stima, mkono wangu ulikuwa juu yake, na mkanda ulikuwa unazunguka kwa kusukumwa na nyayo. Zilikuwa zinaongeza mwendo. Ni mtu aliyeona paa la kwao.

Mvua ya mawe ikapungua ghafla. Ndipo nikasikia unyayo ukitoka kwenye mpira na kukanyaga saruji, mwepesi, kisha mzito. Mwalimu akasimama. Sikuona mtu, nisikudanganye. Niliona shavu la mwalimu likibonyea kidogo, pale ambapo kidole cha mtu kingegusa. Chumba kikanuka udongo uliolowa na jasho.

"Umechoka," alimwambia kwa sauti ya nyumbani kabisa. "Kaa."

Kigoda kikalia, kama kinavyolia kikikaliwa na mtu mzito. Kikalia mara hiyo moja tu. Halafu kukawa kimya, na mkanda ukasimama.

Stima iliporudi nilisogea nikatazama. Mkanda wote ulikuwa na alama za tope jekundu, bichi, na mlango ulikuwa umefungwa tangu nilipoingia.

Baada ya wiki chache mwalimu aliniita tena. "Fundi, imeharibika," akasema. Nikapima kutoka ukutani mpaka kwenye kaboni. Nikawasha, mkanda ukaenda vizuri, mshale ukakaa chini. Tulikaa mpaka chai ikapoa. Mshale haukupanda.

"Haijaharibika, Mwalimu."

"Imeharibika."

"Mota ni nzima. Ni tupu tu."

Akakaa kwenye kile kigoda, akaushika ukingo wake kwa mikono miwili. "Alipokuwa njiani nilikuwa naye," akasema. "Hata kama alinipa mgongo, nilikuwa naye. Sasa amefika, na mimi sina mtu." Mimi nilikuwa kijana bado, nikaendelea kukaza skrubu iliyokuwa imekazwa tayari.

Ni yeye mwenyewe aliyeniambia niufungue mkanda. Alama za tope zilikuwa bado zimekaukia pale, hakuwa amezifuta. Tuliukunja, tukaufunga kwa koti la Mokua, tukaupeleka Nyaramba. Wazee walinung'unika. Mpira kaburini? Nani aliwahi kusikia? Mmoja akaanza kunoa panga akakate mgomba. Baba mkwe ndiye aliyewanyamazisha. Akaushika ule mkanda, akapitisha kidole kwenye tope, akasema, "Mgomba haukumbeba mwanangu. Huu ulimbeba." Wakauzika kando ya nyumba ya Mokua, kama mtu. Na Bosibori, ambaye mji mzima ulisema ana moyo wa jiwe, alilia mpaka wanawake wakamshika kila upande.

Baadaye alihamia hukohuko Nyaramba akafundisha, akazeeka vizuri, wala hakunilaumu hata siku moja. Mita ile ninayo mpaka leo. Inapima sawasawa, ila siifungi tena kwenye mota nikiwa peke yangu.

Sasa nawe sikiliza. Kama una mpendwa wako aliyekwenda, na jioni jioni unamsikia kwa mbali, kwenye ngazi, kwenye bawaba ya mlango, usiwe na haraka ya kumvuta. Anayekuja bado ni wako. Akishafika, lazima umpe mahali pa kulala, na mahali penyewe ni chini ya udongo. Kama hujawa tayari kuchimba, usimwite.

Mke wangu alitangulia muda sasa. Redio yake iko juu ya kabati, haina betri, na mvua ya alasiri ikianza hukwaruza kidogo, halafu kuna sauti kama ya mtu anayeimba kwa kufunga mdomo, alivyokuwa akiimba akichambua mboga. Majirani huniambia, fundi mzima wewe, mbona hutengenezi redio yako? Nawaambia nitaitengeneza. Bisibisi iko palepale kando yake, na sijaigusa.