Kamusi na Rufaa ya Dada Yake

Mtaa mzima ulimwita Kamusi, na kifua kilimtanuka kila alipoitwa. Shule aliiachia darasa la saba, lakini kila alfajiri, kabla ya kufungua kibanda chake cha kuandikia watu barua, alikariri maneno kumi ya Kiingereza kutoka kwenye kitabu kisicho na jalada. Alichagua mazito tu. Mepesi, alisema, kila mtu anayo. Majirani walimtania kwamba huyu hata chafya anapiga kwa Kiingereza. Na mgema akisifiwa, mnajua wenyewe tembo hulitia nini.

Basi mashine ya kiwanda cha mabati ikamkata dada yake vidole viwili vya mkono wa kulia. Kiwanda kikamwachisha kazi, kikidai alizembea. Akapewa siku thelathini za kukata rufaa, kwa maandishi, kwa Kiingereza, kwa wakubwa asiowahi kuwaona. Dada hakutaka makubwa: wamrudishe, hata kwa kufagia tu, maana watoto wake watatu hawana mwingine.

"Mdogo wangu," alimwambia, "leo ndiyo siku ya hayo maneno yako."

Kamusi akajifungia. Aliandika, akafuta, akatafuta neno la kulipita lile la jana. Dada akiuliza, anajibiwa kwamba haraka haraka haina baraka. Siku ya ishirini na tisa barua ikaenda, kurasa nne. Karani aliyeipokea alitikisa kichwa, na Kamusi akachukulia kwamba hiyo ni heshima.

Majibu yalikuja mistari mitatu, Kiingereza chepesi kama maji. Hatujaelewa unalalamikia nini. Muda umekwisha. Usituandikie tena.

Dada hakulia. Alikaa kwenye benchi la wateja, mkono uliofungwa bendeji ukiwa mapajani, akaomba asomewe nakala ya ile barua, taratibu, kwa Kiswahili. Kamusi akasoma. Ndani yake mlikuwa na unyenyekevu usio na kifani, na dhuluma za ulimwengu, na mizani ya haki, na utukufu wa ofisi yenu.

"Vidole vyangu viko ukurasa gani?"

Akapekua kuanzia wa kwanza hadi wa nne. Kisha akarudi nyuma, polepole, mstari kwa mstari, huku mteja mmoja akisubiri mlangoni na bahasha yake.

"Vimo," akasema. "Ngoja."

Dada akangoja.