Kampuni Haina Mtani

Mimi Mzaramo, nafyatua tofali pale Madale, na jirani yangu mwenye kiwanda kama changu ni Mnyamwezi, kwa hiyo tulitukanana kila asubuhi kwa miaka mingi na hakuna aliyenuna. Ndiyo utani wenyewe. Mama yangu, ambaye alikuwa mgonjwa, alikwisha kuniusia kwamba siku yake ikifika, yule jirani ndiye afanye utani msibani.

"Asikose," alisema. "Sitaki kuzikwa kimyakimya."

Asubuhi moja mteja akaniuliza tofali za jirani zikoje. Nikajibu kwa sauti kubwa, ili mwenyewe asikie ng'ambo ya uzio: "Za huyo ni biskuti, wewe chovya tu kwenye chai!" Nikasubiri tusi la kurudishiwa. Ikaja samansi. Kampuni yake imeishtaki kampuni yangu kwa kashfa.

Nilicheka. Nikaisoma tena, nikapandwa na hasira.

Mahakamani wakili wangu alieleza kwamba sisi ni watani. Wakili wa jirani akasimama, akaiweka tai yake sawa. "Mheshimiwa, utani ni wa watu. Kampuni haina kabila."

Nikamtazama jirani. Alikuwa anatazama viatu vyake. Alisajili kampuni ile ili apate tenda ya kujenga madarasa, na siku alipoisajili mama alimpikia pilau ya kumpongeza. Kumbe tulikuwa tunasherehekea kumpoteza mtani.

Hakimu, mama wa makamo, akamuuliza amepata hasara gani.

"Hasara hamna, mheshimiwa," jirani akajibu kwa unyonge. "Yule mteja alikuja kwangu akaagiza biskuti mia tano. Alidhani ni saizi ya tofali."

Hakimu akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Kisha akalifuta na shauri. Watu wana kesi za viwanja na za matunzo ya watoto, alisema. Kuleta biskuti hapa ni kuitumia mahakama vibaya.

Nilishinda, na sikufurahi hata kidogo. Kesho yake nikamrushia jirani tusi juu ya uzio, tena lile zuri. Akaitikia, "Asante, jirani." Sijawahi kutukanwa vibaya namna ile.

Mwezi uliofuata mama akafariki, alfajiri. Tulipoinua jeneza nilitazama huku na huku, jirani simwoni. Nikaona aibu mbele ya mama yangu, kana kwamba bado ananiuliza yuko wapi.

Tulipofika getini tukakuta pamezibwa kwa tofali, safu mbili. Juu yake amekaa jirani, kajitanda kanga ya mama.

"Maiti haipiti," akasema, "mpaka huyu mfiwa aseme biskuti ni za nani."

"Zangu," nikasema, na hapo ndipo machozi yalinitoka kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

"Sema kwa nguvu, Mzaramo wee! Marehemu hajasikia."

Nikapiga kelele.